Sentensi Moja kwa Kamanda

Walimvunja dada yangu vidole kwa pasi yake mwenyewe, ile nzito ya mkaa. Watu watatu waliingia kwenye chumba chake cha cherehani mchana kweupe. Mmoja akamkaba koo, wa pili akamshikilia mkono mezani, wa tatu akapiga. Wateja wawili waliokuwa wakingoja suruali zao waligeuza nyuso ukutani.

Dada ni fundi cherehani. Akifunga kazi, anahariri bila malipo wasifu wa watu kwenye ensaiklopidia ya mtandaoni, tena kwa jina lake halisi, maana ana kichwa kigumu. Miaka sita aliutunza ukurasa wa kamanda mstaafu, yule aliyempasua baba yetu kichwa kwa kitako cha bunduki kwenye mgomo wa kiwanda cha nyuzi. Dada alikuwa amempelekea baba chakula. Damu ilimrukia usoni. Ukurasa ulisema kamanda "alituliza mgomo".

"Si uandike kwamba ni muuaji!" nilimfokea.

"Imechapishwa wapi?"

"Si uliona mwenyewe?"

"Macho yangu hayakubaliki kule, mdogo wangu."

Siku moja niliandika mwenyewe. Akafuta kabla chai yangu haijapoa. Nilitamani kumzaba kofi, nakiri.

Kumbe alikuwa anatafuta. Mwezi uliopita alipata maktabani gazeti la zamani lenye habari za uchunguzi wa mahakama. Akaongeza sentensi moja, akataja gazeti na tarehe. Siku ya tatu wakaja wale watu.

Nilimkuta hospitalini, plasta mpaka kwenye kiwiko, jicho moja limefumba kwa uvimbe.

"Wameitoa ile sentensi," alisema. "Irudishe wewe."

Nikaandika kwenye simu kwamba kamanda alimuua mfanyakazi. Alisoma kwa jicho lililobaki.

"Gazeti limesema alimpiga kichwani, akafa kesho yake. Andika hivyohivyo."

"Dada, tazama walivyokufanya!"

"Ukiandika kuua wataifuta, na watakuwa na haki. Hivi hawana pa kushika. Na jina la huyo mfanyakazi limo gazetini. Liweke."

Nikafuta neno langu, machozi yakinidondokea kwenye simu. Kisha nikaandika jina la baba yetu, herufi kwa herufi, kwenye ukurasa wa mtu aliyemuua. Kila asubuhi naliangalia kabla sijanawa uso.