Simu Haina Mjomba

Mwanangu, mimi si mtu wa kushangazwa. Nilianza maisha kwa kubeba magunia ya korosho mgongoni, darasa la nne sikulimaliza, na leo nina fuso mbili, duka la vifaa vya ujenzi pale Ufukoni, na nyumba ambayo hata fundi aliyeichora hana ya kwake mfano wake. Nimeona msimu wa korosho watu wakiwanywesha mbuzi soda kwa jeuri ya pesa, na msimu uliofuata watu hao hao wakaja kwangu kukopa unga. Sasa kitu gani tena kinishangaze?

Ndivyo nilivyokuwa nikisema mpaka Jumamosi ile ya Mpapura, kijijini kwa kina binti, ambayo naikumbuka kuliko ninavyopenda, tulipokwenda kumposea mwanangu Shafii.

Lakini nianze na simu. Miezi michache kabla, Shafii huyo huyo aliniwekea AI. Akili mnemba, ndivyo wanavyoiita redioni. Kama hujaijaribu, nikueleze kwa lugha ya dukani: ni kama kuchati na mtu, ila upande wa pili hakuna mtu. Unauliza, inajibu. Mkono wako mzito wa kuandika kama wangu? Gusa alama ya maiki, ongea, yenyewe inaandika. Imelishwa maandishi ya watu mengi mno, na kutokana na hayo inakisia neno gani lifuate baada ya lipi. Inakisia, mwanangu. Hilo neno lishike.

Na inakisia vizuri, sitaki kuisingizia. Iliniandikia barua ya kwenda halmashauri kuhusu mtaro uliokuwa ukimwaga maji mlangoni kwangu, wakaja kuuzibua. Ilinifafanulia mkataba wa mkopo, nikagundua kipengele cha riba ambacho kijana wa benki alikipita mbio mbio. Basi nikavimba kichwa. Nikawa nawatambia watu kwamba mimi na elimu yangu ya kubeba vidumu na mifagio shuleni nina karani asiyelala wala kudai chai.

Posa ilipokaribia nikamfuata Mzee Chitanda, mshenga wetu, anayewasemea watu nusu ya mtaa.

"Mzee," nikamwambia, "safari hii wewe kazi yako kula pilau tu. Hotuba ipo, ya kisasa."

"Umeiandaa wewe?"

"Imeandaliwa."

Akanitazama kidogo. "Haya. Pilau siikatai."

Nilichokuwa nimeiambia AI ni sentensi moja: niandikie hotuba nzuri ya posa, mwanangu Shafii anataka kumwoa Zuhura binti wa Mzee Bakari. Basi. Ikashusha Kiswahili, mwanangu, Kiswahili kilichopigwa pasi! Nikasoma mistari ya mwanzo, nikatabasamu, nikazima simu. Yaliyobaki nikasema nitakutana nayo huko huko.

Sasa wewe uliyezaliwa mbali na huku huenda hujui. Kwetu kusini mtoto ni wa upande wa mama. Baba anaheshimiwa, anakaa mbele, lakini anayemtoa binti ni mjomba wake. Mjomba asipotamka, mmekuja kushiba na kuondoka. Na mimi hili nimekua nalo, sikufundishwa na mtu! Mjomba wa Zuhura, Mzee Nankoma, anaishi ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Msumbiji. Alivuka mto siku moja kabla, na magoti yake mabovu, kwa ajili ya shughuli hiyo tu.

Siku yenyewe, sebuleni kwa kina Zuhura, nikasimama na simu mkononi. Nikasoma kwa sauti ya mnadani. Mwanzo ulikwenda vizuri, salamu, sifa za Mola, watu wanatikisa vichwa. Halafu nikafika hapa: "Baada ya wazee wa pande zote mbili kukutana na kuridhiana..."

"Simama hapo hapo, njomba." Alikuwa Mzee Nankoma; huku njomba tunaitana wote. "Wazee gani waliokutana?"

Nikaitazama simu, utadhani itanitetea.

"Walikutana lini? Mimi nimefika jana jioni."

"Ni maneno ya utangulizi tu, mzee."

"Endelea."

Hapo, mwanangu, mtu mwenye akili angesingizia tumbo, akatoka nje. Mimi nikaendelea! "Tunamwomba baba mzazi, Mzee Bakari, mwenye kauli ya mwisho juu ya binti huyu..."

Mzee Bakari mwenyewe akainamisha kichwa kama aliyetukanwa yeye. Nyuma ya pazia wanawake wakaguna.

"Nani kakuandikia?" akauliza Mzee Nankoma, taratibu kabisa.

"Simu, mzee."

"Simu ina mjomba?"

Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. "Nakuuliza. Ina mjomba? Ina dada? Imewahi kumtoa mtoto kwao? Kitu kisicho na ndugu ndicho umekituma kije kuniomba Zuhura, na wewe mdomo unao mzima. Haya, chukueni viatu vyenu."

Tukachukua viatu. Mzee Chitanda akanipita mlangoni, akaninong'oneza, "Na pilau yenyewe sijaionja."

Njiani kurudi, tulipofika Mtawanya, Shafii akanigeukia. "Baba, hukuisoma?"

"Niliisoma mwanzo."

"Mwanzo!" Akageukia dirishani. Nimebeba magunia miaka mingi, lakini neno lile lilikuwa zito. Kijana alikuwa anampoteza mke kwa sababu baba yake alitaka kuonekana mjanja.

Nyumbani nikaigombeza simu. Kwa nini umesema wazee walikutana? Ikanijibu, uko sahihi kabisa, samahani kwa kosa hilo. Kwa hasira nikaigeuzia: hapana, nimekumbuka, kweli walikutana. Ikajibu, asante kwa kunifahamisha, basi hotuba iko sawa! Niliirusha kwenye kochi. Utagombanaje na kitu kinachokubali kila kitu?

Mzee Chitanda akatuombea nafasi ya pili, na wiki iliyofuata tulirudi Mpapura, simu nimeiacha nyumbani. Mzee Chitanda alisema yake, kisha Mzee Nankoma akaninyooshea kidole. "Sasa wewe, kwa mdomo wako." Nikasimama kama mtoto wa madrasa mbele ya mwalimu. Nikasema: mzee, mwanangu anampenda mtoto wenu, na mimi nimekukosea, nakuomba. Hakuna cha zaidi. Akakuna goti, akasema, "Hayo ndiyo niliyovukia mto." Leo Zuhura ni mkamwana wangu, na hajaacha kunitania.

Nakusimulia haya kwa sababu nimechoka kuwaona nyinyi vijana mkilirudia kosa langu kila siku, tena mmesoma! Huyu kaiuliza kipimo cha dawa ya mtoto, kampa bila kufika zahanati. Yule kaiandikia namba yake ya siri ya kutolea pesa. Mnataka nini, niwafungie simu kabatini?

Itumie, mwanangu, sikukatazi. Mimi mwenyewe naitumia kila siku. Lakini ieleze jambo lote, nani ni nani na desturi ikoje, kwa sababu usipoijazia yenyewe itajaza, na itajaza kwa maneno matamu. Soma mpaka mwisho kabla hujampelekea mtu. La afya, la sheria, la pesa, kamuulize pia anayelijua na anayeweza kuwajibika ukidhurika. Siri zako zikae kwako. Ikikusifu, usivimbe, maana mimi ilinikubalia uongo na ukweli ndani ya dakika hiyo hiyo. Na jambo la kumwomba mtu, kumpa pole au kumtaka radhi, kama huwezi kulisema bila simu, bado hujawa tayari kulisema.

Mungu akupe akili ya kwako kwanza, hiyo ya kuazima ije nyuma yake. Akupe wakwe wenye subira, na wajomba wanaosamehe.

Ila wanaosamehe nao hutoza. Faini ya kuwaruka wajomba, pamoja na nauli ya kumrudisha Mzee Nankoma ng'ambo ya mto, ilinitoka shilingi laki tatu na elfu arobaini na tano.