Mpimaji wa Makohozi

Mpimaji wetu wa kwanza aliondoka akiwa bado amevaa koti la maabara. Alilivua garini, akampa dereva alirudishe, naye akaendelea hadi Ngorongoro, ambako hoteli moja ilikuwa imemwajiri kutunza stoo. Hakuna aliyemlaumu. Ilikuwa miaka ile baada ya vita vya Uganda. Sabuni ilikuwa haionekani kwenye maduka ya Karatu, na hotelini walikuwa nayo. Walikuwa na sukari pia.

Mimi nilikuwa mhudumu wa kituo cha afya, binti wa kijiji cha Qurus niliyemaliza darasa la saba, kazi yangu kuchemsha sindano na kudeki. Pale kituoni palikuwa na utafiti wa kifua kikuu. Walitaka kujua kama matibabu mapya, ya miezi michache, yangeponya sawa na yale ya zamani yaliyochosha watu kwa urefu wake. Wagonjwa walikuwa wamekubali, wakulima wa Kansay na wafugaji wa kutoka juu Ngorongoro. Kilichokosekana ni mtu wa kupima makohozi yao kwa hadubini, maana bila yeye hakuna aliyejua nani anapona.

Daktari aliyesimamia kazi hiyo, mtu mzima kutoka Bukoba, aliomba mpimaji mwingine. Akaletewa kijana wa Dar es Salaam. Baridi ya Julai ilimshinda, akarudi kwao kabla mwezi haujaisha. Aliyeahidiwa baada yake hakufika kabisa.

Asubuhi moja nilimkuta daktari maabara akipima mwenyewe, huku wagonjwa wamejaa kwenye benchi la nje wakimsubiri.

"Dokta, nifundishe mimi," nikasema.

Hakuinua kichwa. "Hii ni kazi ya mtu aliyekaa chuoni miaka miwili, binti."

"Basi nifundishe miaka miwili. Mimi siendi popote."

Hapo akanitazama. "Ukikosea hapa, mtu anaambiwa amepona na hajapona. Anarudi nyumbani kuwaambukiza wanawe. Unalielewa hilo?"

"Nalielewa. Baba yangu alikufa kwa kifua."

Akasogea, akanipisha kwenye kiti.

Hatukuwa na umeme. Hadubini ilipata mwanga kwa kioo kidogo kilichoelekezwa dirishani, na Karatu ukungu ukishuka jua halionekani hadi karibu na mchana. Nilikuwa nakaa na sampuli zangu tayari zimetiwa rangi, nikisubiri mbingu ifunguke. Bakteria wa kifua kikuu huonekana kama vijiti vyembamba vyekundu kwenye uwanja wa buluu. Kuvisema ni rahisi, kuvitambua ni kazi. Sampuli zangu zilipopelekwa Arusha kuhakikiwa, jibu lilirudi baya. Masalia ya rangi nilikuwa nimeyaita bakteria.

"Wameniambia nisikutumie," daktari akasema.

"Na wewe Dokta unasemaje?"

"Nasema uanze upya."

Nilikwenda nyuma ya stoo nikalia, nikanawa uso, nikarudi. Alinionyesha namna ya kuzungusha skrubu ya lenzi taratibu: uchafu wa rangi unaelea juu, bakteria wamelala pamoja na chembe za makohozi. Nilirudia jambo hilo moja hadi shingo ikakakamaa.

Katikati ya hayo mjomba wangu, aliyekuwa dereva wa watalii, akaja Qurus na habari ya kazi ya kutandika vitanda hotelini. Mama alikuwa uani anafua kwa majivu, mikono imempasuka.

"Shikamoo mjomba," nikasema. "Nashukuru, lakini sitakwenda."

"Marahaba. Kwa hiyo unataka kuangalia mate ya watu maisha yako yote?"

"Ndiyo, mjomba."

Alimgeukia mama ili amsaidie. Mama akajibu kwa Kiiraqw, bila kuacha kufua, kwamba angekuwepo mtu wa kuyaangalia mapema mate ya marehemu, huenda yeye leo asingekuwa mjane. Mjomba akanywa chai yake isiyo na sukari, akaondoka. Nami usiku ule sikujisikia shujaa. Nilifikiria ile sabuni.

Sampuli zilizofuata zilirudi kutoka Arusha zikiwa sahihi. Daktari hakunipongeza kwa maneno. Alinipa lile koti la maabara, likawa linanifika magotini.

Kazi ilipozidi, tuliacha kungojea watu wa mbali. Nilimwambia daktari tutafute walio na mizizi hapa. Tukampata mke wa mkulima wa Kansay, na dada mmoja wa Kimasai aliyesoma kwa masista, ambaye aliweza kuwaeleza wafugaji kwa Kimaa dawa hizi ni za nini na kwamba mtu ana haki ya kukataa. Niliwafundisha kama nilivyofundishwa, kwa kuanza upya kila walipokosea. Yule wa Kansay alipoiva, hoteli ikamchukua. Iliniuma. Jumatatu iliyofuata nikaanza na mwingine.

Utafiti ulifika mwisho wake. Wagonjwa wengi wa matibabu mapya walipona, na daktari akahamishiwa kwingine. Yule dada wa Kimasai aliolewa Karatu akabaki maabara, tukafanya kazi kiti kwa kiti, tukipokezana hadubini, mpaka macho yangu yalipochoka nikamwachia yeye.