Nilimtangaza nesi wetu kuwa mroho, hapa Merrylands

Wakuu, heshima kwenu kutoka Sydney. Haya yamenitokea mwenyewe, sijatia chumvi.

Nilipoombwa nimseme Neema wakati wa matangazo kanisani, ilitakiwa nikatae. Sikukataa.

Mimi ni mzee, nimeishia form four, na nilikuwa mwenyekiti wa jumuiya yetu ya Watanzania, Wakenya na Warundi.

Neema ni nurse practitioner, yaani nesi aliyesoma zaidi mpaka akasajiliwa kupima na kuandika dawa bila kusimamiwa na daktari. Alifungua kliniki yake mwenyewe. Alituhudumia kwa Kiswahili, bila haraka.

Sasa tabia yetu mnaijua. Mtu wetu akifungua kitu, tunataka bure.

Mwanzoni alitu-bulk bill wote, yaani hakututoza hata senti, akabaki na kile anacholipwa na serikali. Lakini serikali inamlipa nesi pungufu ya daktari, hata kama kazi ni ileile. Kodi ya chumba ikamshinda. Akaomba tuongezee kidogo.

Wajumbe wa jumuiya wakanijia juu, wakataka nimseme kanisani. Daktari wa kule mtaa wa Bankstown ni bure, huyu ni nani? Mmoja, mzee wa Kirundi, akanitania: "Mwenyekiti, au unaogopa atakuchoma sindano?"

Wakacheka. Sikutaka kuonekana laini.

Jumapili nikasimama. "Huyu ni nesi tu," nikasema. "Daktari kamili hatutozi, yeye anatutoza sisi ndugu zake."

Neema alikuwemo, amekaa na wanawe. Baada ya ibada alinifuata nje.

"Shikamoo baba. Ungeniuliza kwanza, ningekueleza ninavyolipwa."

Nilimwambia ana kiburi.

Kwa watakaouliza: usajili wake ulikuwa halali. Jina lake lipo kwenye register ya wauguzi mtandaoni, yeyote anaweza kuliona. Mimi nililitafuta baadaye, wakati halisaidii tena.

Watu wakaacha kwenda. Akafunga, akahamia mji mdogo mbali na hapa.

Mke wangu ana kisukari. Neema alikuwa akimvua soksi kila anapokwenda, anamkagua nyayo. Nikamhamishia kwa yule daktari wa bure. Mke wangu hajui Kiingereza, kwa hiyo nilitafsiri mimi.

Daktari akauliza kama miguu ina shida yoyote.

Nikajibu, "No, all good." Sikumgeukia hata mke wangu kumuuliza. Alikuwa na kidonda chini ya kidole gumba cha mguu wa kushoto, hakimuumi, anadhani ni kiatu tu.

Daktari hakumvua soksi. Tukarudi nyumbani.

Nilichojifunza: kabla hujamwita mtu mroho, muulize analipwaje. Na kama hujui cheo chake kinamruhusu nini, kaa kimya mpaka ujue.

Huko mliko, manesi wa namna hii wanalipwaje? Nielezeni. Wenye matusi pia andikeni, nitayasoma yote.

Uenyekiti niliuacha. Mke wangu hajawahi kunilaumu, ila kila asubuhi mimi ndiye ninayemshika kumpeleka bafuni.

Kwa tangazo langu lile, mke wangu hana mguu wa kushoto.