Wimbo wa Ukoko

"Matari yamelala, na nyie mnatunyima moto! Nani aliwaambia tufo hupigwa kwa ngozi mbichi?"

Ndivyo Siwema alivyofoka kwenye nyasi za hoteli, kapulana mpya kiunoni, usoni kajipaka msiro mweupe, mbele yake Telma, binti msimamizi wa tamasha, mwenye kadi shingoni. Mji wenyewe uko juu milimani, mbali na Palma, kwao pwani; ni mji wa watu wanaolipa pesa zao wakaone baridi. Kila ukuta umetundikwa picha, kila baraza ina mchongaji au mpiga gitaa, na wageni wanapita na glasi mkononi wakiviinamia vinyago kana kwamba vimewasalimia. Ukungu ulishuka tangu asubuhi, ukayalowesha matari, ngoma za duara ambazo bila hizo kina mama wa pwani hawaichezi ngoma yao ya tufo. Tari likilowa huoteshwa moto likakaza. Lakini moto, Telma kasema, não pode, hairuhusiwi, nyasi za watu zitaungua.

"Mamã, jukwaa linawangoja. Imbeni chochote."

"Chochote huimbiwa mtoto alale."

Aseme atakavyo, walikwisha kuitwa. Kasida haiimbwi kwa tari lililolegea, tena mbele ya glasi zile. Wenzake wakamtazama yeye, kwa kuwa ndiye mtunzi. Ndipo akakumbuka wimbo mmoja usiotaka tari, makofi tu yautosha. Akapiga kofi, akaanza:

*Haula mpishi gani, chungu waacha motoni,*
*Ukoko wavunja meno, wageni tu taabani.*

Huyo Haula ni jirani yake, ua kwa ua, mpishi wa harusi, na mwimbaji wa kundi la Nuru, wapinzani wa kundi la Siwema. Kwao makundi yakishindana, kutukanana kwa nyimbo ni halali, ila matusi hayo yana sheria zake. Tusi la ngomani hufia uani, halivuki mlango. Na aliyetukana ana deni: siku itakayotajwa atakaa mkekani, uso wazi, atukanwe naye mpaka mwenzake aseme mbele ya watu, "Umelipa." Wimbo wa ukoko aliutunga kwa ajili ya chungu kimoja kilichoungua siku moja, Haula alipoacha jiko akaja kucheza. Haula mwenyewe aliposikia alicheka mpaka akashika mbavu. Siku ya Siwema kukaa mkekani ilipofika, Siwema yuko garini anapanda milima. "Deni lako nitakutunzia," Haula alimwambia akimsindikiza, akampa na mkate wa kumimina wa kula njiani.

Basi wageni wakacheka, wakataka tena. Telma akashika maikrofoni akautafsiri kwa Kireno, na jina la Haula likatoka zima. Simu zikainuliwa. Siwema akaurudia, akaongeza na vidole vya kuokota meno yaliyovunjika. Kusema kweli alinoga. Hata baridi aliisahau.

Wimbo ukafika Palma kabla yake. Anashuka garini, watoto sokoni wanaruka nao kamba. Mwanamke mmoja wa kijiji cha Quionga, muuza nazi, akamwita.

"Da Siwema! Kumbe yule mpishi hajui wali? Siye tulishamwita kwenye harusi ya Ancha wetu. Tumemwambia asije."

"Ule wimbo tu, mwenzangu. Wa ngomani."

"Wa ngomani? Mbona nimeusikia kwenye simu ya shemeji yangu?"

Siwema akajitwika mzigo wake, akashika njia ya nyumbani. Akazunguka nyuma ya nyumba, njia ya chooni, asipite mlangoni kwa Haula. Mtu mzima, ana wajukuu, anapita njia ya chooni! Kwenye tundu la ua aliyaona masufuria ya Haula, yale makubwa ya harusi, yamepinduliwa, kuku amelala juu yake. Akageuza uso kama mtu aliyechungulia utupu wa mwenziwe.

Haula hakuja kuuliza. Hakutuma mtu, hakupiga kelele uani. Angegomba, Siwema angejibu, na kwa kujibu angepata pa kusimama. Sasa kila akisikia mwiko unagonga sufuria dogo kule ng'ambo ya ua, wali wa mtu na watoto wake tu, alisukuma sahani yake pembeni.

Hatimaye, baada ya sala ya alasiri, kundi la Nuru likiwa linafanya mazoezi kwa Haula, akaingia na mkeka kwapani. Matari yakanyamaza.

"Oo, nyota wa milimani!" mmoja akasema. "Huku kwetu kuna vumbi, bibie, utachafuka."

Wakacheka. Siwema akatandika, akakaa, akafunua uso.

"Nimekuja kulipa."

Haula alikuwa anapepeta mchele. Akauweka ungo chini taratibu, akasimama.

*Wimbo wa uani kwetu, kauuza milimani,*
*Kwa makofi ya wageni, kamuuza na jirani.*

Hakukuwa na kicheko. Waliuimba wakimzunguka, na Siwema masikio yanamwaka, mikono haina pa kukaa, ushungi uko begani na hana ruhusa ya kuuvuta. Ulipokwisha akasema, sauti imekauka:

"Toeni simu. Uimbeni tena mrekodi, muusambaze. Watu wanijue na mimi."

"Nikutoe wewe nje ya mlango, kama ulivyonitoa mie?" Haula akamuuliza. "Mie sheria naijua, da Siwema."

Hapo ndipo Siwema alipotamani ardhi ipasuke. Wimbo ule wote haukumfikia mahali neno hilo lilipomfikia.

"Basi kesho alfajiri nakwenda Quionga, kwa wazee wa Ancha," akasema. "Nitawaambia chungu kiliungua kimoja, siku moja, na mimi ndiye niliyekifanya vyungu vyote. Wasiposadiki, nitakaa barazani kwao mpaka wachoke kuniona."

"Kwa mdomo huo watachoka mapema," Haula akasema.

Mmoja wa kundi akaanza kucheka, akajizuia. Haula alimtazama Siwema pale chini, akakung'uta wishwa kwenye kapulana yake, akageuka wote wamsikie.

"Umelipa."