Mlango wa Nyuma wa Mama Josiane

Wenye shule za watoto wadogo mjini Kindu wana jina lao la pembeni kwa Albertine Okito. Wanamwita Mama Mulango. Wanadhani halijui. Analijua, na siku akiamka vizuri huliitikia.

Kazi yake ni kukagua gardiyeni, kama tunavyoziita hapa, yaani zile nyumba ambamo watoto hulelewa kabla hawajafikia darasa la kwanza. Wakaguzi wengine huanza na karatasi na soda baridi. Albertine huanza na choo, kisha chungu cha uji, kisha pipa la maji, ambalo hulinusa kwanza ndipo aulize maji yametoka wapi. Hukunja mikeka atazame chini yake. Hugusa misumari. Baada ya hapo huuliza swali linalowaudhi wote: "Mulango ya pili iko wapi?"

Watu wa Kindu hawakosi maneno. Humwambia nyumba njema si mlango, mama, fungua uingie ndani. Naye huwajibu kwamba aliyetunga methali hiyo hakuwa na watoto wachanga ndani ya nyumba. Kisha huamuru walezi wabebe: kila mmoja achukue kikwembe chake, kitenge cha kubebea, ukutani, amfunge mtoto mmoja mgongoni, awashike wawili mikononi, atoke kwa mlango wa nyuma bila kelele. Wako wanaocheka. Yeye husimama hapo na mkoba wake kwapani akingoja wamalize kucheka, na wakimaliza huwarudisha ndani waanze upya.

Hakulijifunza hilo chuoni. Alilijifunza kwa Mama Josiane, miaka ya vita.

Albertine alizaliwa upande wa Pangi, akaletwa Kindu kuolewa na Anaclet, kijana wa reli mwenye kofia na maringo. Vita vilipotufikia, Anaclet alikuwa safarini kusini, na njia ya treni ikakatika nyuma yake. Albertine akabaki peke yake na tumbo tupu katika mji uliozungukwa na wapiganaji. Aliyekaa mjini wakati ule hahitaji kusimuliwa, na ambaye hakukaa hatasadiki. Mashamba yalikuwa ng'ambo ya hatari, chumvi ilikuwa dawa ya matajiri, na wanawake walitoka alfajiri kwa makundi kwenda kuiba mihogo ambayo walikuwa wameipanda wenyewe. Huko hawakuweza kwenda na watoto. Mtoto mmoja akilia porini, kundi zima limekwisha.

Ndipo Mama Josiane akafungua ghala. Lilikuwa ghala la zamani la mpunga, karibu na reli, tupu tangu wafanyabiashara walipokimbia. Hakuomba ruhusa kwa mtu, maana hapakuwa na mtu wa kuombwa. Alifagia popo, akatandika mikeka, akasimama mlangoni na mwili wake mkubwa akasema wanawake wamletee watoto. Albertine alikwenda kumsaidia kwa sababu ya njaa, wala hafichi hilo. Alisikia kwamba pale kuna uji.

Uji ulikuwepo, mwepesi hata ukaona sura yako ndani yake. Lakini Albertine akiukumbuka leo, mate humjaa kinywani, na hapo ndipo anapojishangaa. Amekula mengi tangu siku zile, samaki wa mto, wali, sombe ya majani ya mihogo yenye mawese ya kutosha, na hakuna kilichomkaa moyoni kama ule uji wa ghalani, walipoketi wasaidizi wote kwenye sakafu yenye harufu ya pumba, wakilamba sufuria kwa zamu na kuchekana. Tulikuwa na njaa, husema, lakini tulikuwa na watu. Watoto wake walioko Lubumbashi wakisikia hivyo kwenye simu, hudhani mama ameanza kuchanganyikiwa.

Josiane alimpokea kila mtoto mlangoni kwa mikono miwili. Alimshika kichwa, akamnusa kinywa, akamfunua jicho, akamtazama nyayo kama kuna funza. Mwenye homa alilazwa pembeni, mwenye funza alitolewa hapohapo kwa pini, akilia, naye Josiane akimtukana funza huyo kwa majina yote ya wanasiasa. Huo ndio ukaguzi wa kwanza ambao Albertine aliuona maishani mwake, na mpaka leo hajaona ulio bora.

Mchana, baada ya uji, walicheza kubeba. Watoto waliuona ni mchezo, tena waliupenda kuliko nyimbo. Josiane akipiga kofi moja, kila msaidizi alivuta kikwembe chake msumarini, akafunga wa mgongoni, akashika wa mikononi, wakatoka kwa mlango wa nyuma hadi matete ya mtoni. Anayetoa sauti ameshindwa. Josiane alitoka mwisho, akiburuta miguu yake bapa, akihema, na watoto walimcheka kwa kuziba midomo. Albertine alibeba mgongoni kila siku mtoto mmoja, Arielle, binti mwenye macho makubwa ambaye mama yake alikuwa mwepesi kuliko wote wa kuchimba mihogo. Mtoto huyo alipenda kugeuza shingo atazame nyuma. Ukimfunga vipi, atageuka.

Siku yenyewe ilipofika, ilikuwa saa ya usingizi wa mchana. Milio ya bunduki ilianzia upande wa stesheni, ikakaribia upesi. Josiane akapiga kofi moja. Wakabeba. Hakuna mtoto aliyelia, na Albertine husema kwamba katika maisha yake yote hajaona kitu kilichompendeza na kumtisha kwa pamoja kama ile safu ya watoto wanaotoka nje wakiwa wameziba midomo, wakidhani wanashindana. Yeye alikuwa wa mwisho kwenye safu, Arielle mgongoni. Alisikia mlango ukifungwa nyuma yake. Alijua Josiane yuko hapohapo, anahema kama kawaida. Hakugeuka.

Walikaa ndani ya matete mpaka mji uliponyamaza. Josiane hakuwamo. Walipothubutu kurudi, majirani walikuwa wamekwisha kumfunika kwa mkeka, ndani ya ghala. Watu wakasema ni miguu, maskini. Mtu mzito, hakuwahi. Albertine aliamini hivyo pia, na kwa miaka mingi aliikasirikia ile miguu bapa, jambo ambalo ni upumbavu, lakini huzuni haina akili.

Vita vikaisha, kwa namna vita vya kwetu vinavyoisha. Anaclet akarudi bila kofia na bila maringo, wakazaa watoto, wakaishi. Albertine akafundisha watoto wadogo, kisha akafanywa mkaguzi. Ameifanya kazi hiyo mpaka Punia, huko ambako barabara hummeza mtu na pikipiki yake, na popote alipofika aliuliza mlango wa pili.

Mwaka huu, kabla shule hazijafunguliwa, alipelekewa jina la gardiyeni mpya katika mtaa wa Kasuku, si mbali na soko. Mwenye nyumba ni Arielle.

Alijipaka mafuta usoni asubuhi hiyo, akavaa kitambaa chake cha sikukuu, na njiani alimwambia dereva wa pikipiki kwamba anakwenda kumtembelea mtoto wake. Hakusema uongo. Arielle alimpokea barabarani, akamkumbatia, akamshika mkono kama anayemwongoza bibi harusi. Nyumba ilikuwa safi. Vyoo vilikuwa vidogo vya kimo cha watoto, maji yalifunikwa, jiko lilikuwa mbali na mahali pa kuchezea, mikeka ilikuwa mipya. Vikwembe vilining'inia ukutani, kila kimoja na msumari wake. Albertine alipoviona alilazimika kujifanya anatafuta miwani.

"Ulikumbuka," akasema.

"Nilikumbuka yote, mama," Arielle akajibu.

Moyoni Albertine alikuwa amekwisha kutia sahihi. Alitaka kutia sahihi kuliko alivyotaka kitu kingine mwaka huo. Wazazi walikuwa wanangoja, Arielle alikuwa ameweka kila alichokuwa nacho katika nyumba ile, na bila sahihi ya mkaguzi watoto hawaingii. Wakafika chumba cha kulala, kule nyuma. Pale palipokuwa na mlango zamani, palikuwa na ukuta. Matofali yalikuwa mapya, udongo wake haujashika rangi.

Albertine alipapasa ukuta kwa kiganja.

"Ni nani njo aliziba?"

"Ni mimi."

"Juu ya nini?"

"Wezi, mama. Soko iko karibu, watu wanapita huku usiku."

"Mwizi anaiba redio. Weka komeo. Moto ikiwaka mbele, hawa watoto wanatokea wapi?"

Albertine akaanza kukasirika, na hasira yake ilikuwa kubwa kwa sababu ya mapenzi. Akamwambia kwamba angemsamehe mtu yeyote kosa hili, ila si yeye. Yeye aliyetolewa ghalani mgongoni mwake. Yeye ambaye angekuwa kaburini kama isingekuwa mlango wa nyuma.

"Siwezi kukuandikia," akasema. "Hata unililie. Siwezi."

"Basi usiandike," Arielle akasema taratibu. "Miye ile mulango niliiona, mama. Weye hukuiona. Ulikuwa unatazama mbele."

Akaketi juu ya kiti kidogo cha watoto, magoti yakimfikia kifuani, akasimulia. Alisema kwamba walipotoka, yeye aligeuza shingo kama kawaida yake. Mama Josiane alikuwa amesimama ndani, si nje. Alimtazama Arielle, akamchekea, akaweka kidole mdomoni, ili asipoteze mchezo. Kisha akavuta mlango. Na Arielle akasikia komeo.

"Komeo ilikuwa ndani," Arielle akasema. "Nje hapakuwa kitu. Wale watu wa bunduki wangekuta mulango iko wazi, wangejua watoto wamepita wapi. Walikuta imefungwa kwa ndani. Ukiona hivyo, unasema hakuna mutu alitoka."

Albertine akageukia tena ule ukuta.

"Nilifikiri munajua," Arielle akasema. "Wakubwa wote. Nilifikiri njo sababu hamuzungumuzaki juu yake. Nilipokuwa mukubwa, nikajua hamukujua, nikaogopa kukuambia. Nilipofika kwa hii nyumba nikaona mulango ya nyuma, na komeo yake ndani, sawa na ile. Sikulala. Nikaita fundi. Sitaki kwangu mulango yenye inaombaka mutu abakie."

Albertine akatafuta mahali pa kukaa, akakuta kiti kingine kidogo, akakaa. Alilia, na hakujificha. Alililia ile miguu bapa aliyoisingizia miaka yote. Lilikuwa jambo dogo la seremala, komeo kuwa upande huu au ule. Josiane lazima alilijua tangu siku ya kwanza ya mchezo. Kila mchana alipotoka mwisho akihema, alikuwa anajua kwamba siku ya kweli hatatoka, na bado aliwaacha watoto wamcheke. Na yeye Albertine, Mama Mulango mzima, ametembea mkoa mzima akidai mlango wa pili, asiulize hata mara moja unafungwa kutoka wapi.

Arielle akampa maji. Wakakaa hapo muda, wanawake wawili kwenye viti vya watoto, wakamzungumza Josiane: jinsi alivyoimba vibaya kwenye kwaya na kujiona malaika, jinsi alivyomtukana funza. Arielle alikumbuka harufu ya mikono yake, moshi na majani ya mlimao. Albertine alikuwa ameisahau, na iliporudi ilimjaa puani. Walicheka pia. Albertine akatamani, kwa uchungu wa kweli, arudishwe ghalani kwa mchana mmoja tu, na njaa yake yote, aketi karibu na yule mwanamke.

Kisha akapangusa uso, akasimama, kwa sababu kazi ni kazi.

"Siandiki," akasema. "Bomoa."

"Mama..."

"Bomoa. Komeo ndani, na ingine nje. Ile ya nje isione kufuli hata siku moja, nikikuta kufuli nakufunga weye. Ukimaliza, uniite."

Arielle alimtazama sana. Halafu akaitikia kwa kichwa.

Seremala alikuwa Xavier, mtu wa polepole anayependa kusifiwa, naye aliitwa akalalamika kwamba hajawahi kusikia mlango wa makomeo mawili, labda wa gereza. Albertine alikuja kumsimamia mwenyewe. Alimfanya abadili msumari mmoja mara kadhaa, mpaka yule bwana akasema kwamba sasa ameelewa kwa nini watu wanalalamika.

Siku ya ukaguzi wa pili, Arielle alikuwa amewaita majirani na watoto wao, ili pawe na wa kubebwa. Albertine alisimama nje, uani, mahali ambapo angeuona mlango wote. Hakutaka kuwa mbele safari hii. Ndani, Arielle akapiga kofi moja.

Wakatoka. Wasaidizi wake walifunga vizuri, watoto wakaziba midomo, mmoja tu akapiga chafya akachekwa. Safu ikapita mbele ya Albertine ikaelekea ukingo wa ua. Mlango ukabaki wazi kidogo, giza ndani. Kisha Arielle akatoka, wa mwisho, na mtoto mgongoni. Akauvuta mlango nyuma yake, akasukuma komeo la nje. Komeo likaingia.

Mtoto wa mgongoni alikuwa amegeuza shingo, anautazama mlango uliofungwa. Hapakuwa na kitu cha kuona pale, akageukia vifaranga vya jirani.

"Nani amebakia ndani?" Albertine akauliza.

"Hakuna mutu, mama."

Alikuwa amesikia vizuri. Akauliza tena, na Arielle akamjibu tena.