Majibu Kutoka Kwihara

Kompyuta yangu ya Linux hapa Ipuli hutuma ujumbe kwa redio, bila intaneti, hadi kwa mwenzangu Zuhura, mwalimu wa Kwihara. Wiki nzima hakuna jibu lililokuja. Jumamosi asubuhi nikabadilisha mpangilio mmoja wa kompyuta, nikaandika, "Nimekukumbuka."

Jibu likaja: "Nimekukumbuka."

Nikaelea. Nikayaona maneno yetu yakipishana angani juu ya njia ya kale ya misafara, mepesi kama pamba. Nikaandika, "Nataka kukuoa."

"Nataka kukuoa."

Mwanamke wa kisasa, nikajisemea, nikamwita mama. Akapiga vigelegele, akampigia Zuhura simu kumpongeza kwa majibu yake ya redioni.

"Shikamoo mama. Mbona redio yangu iko kwa fundi tangu wiki iliyopita?"

Kumbe kwa mpangilio ule mpya kompyuta ilikuwa ikinirudishia maneno yangu mwenyewe. Mama akanigeukia taratibu. "Sasa aliyekuposa ni nani?"