Mwanaupe na Kitabu cha Tatu

Mwanaupe, fundi cherehani wa Kigera, hakuingia kwenye habari za miungu ya Wagiriki kwa kutafuta elimu. Alikwenda mitumbani Musoma mjini kutafuta mapazia, akakuta kitabu kinene kimelala katikati ya mashuka. Kwenye jalada palikuwa na msichana ameshika nyundo, na nyuma yake bahari imesimama kama ukuta. Alikichukua kwa sababu ya ile nyundo, maana mumewe, Jabiri, ni mchomeleaji wa mageti.

Kilikuwa cha kwanza katika mfululizo wa vitabu vya vijana. Kiingereza chake cha sekondari kilichechemea kurasa chache, kisha kikakimbia. Msichana wa jaladani aliitwa Kasia. Mama yake alikuwa muoka mikate, na baba, kumbe, alikuwa Hefesto, mungu wa wahunzi, yule mwenye mguu mbovu ambaye miungu wenzake humcheka. Mwanaupe alisoma huku ugali unaungua.

Alipomaliza, habari ilimjaa mpaka kooni, akaanza kuwasimulia wateja. Alisimulia kwa Kiswahili huku anashona, na kila hatari ilipokaribia, cherehani nayo iliongeza mbio. Wanawake waliokuja kupima sare za watoto walijikuta wamekaa. Nyamburi, anayekaanga sangara kibanda cha jirani, alisogeza jiko lake karibu na mlango ili asipitwe. Ndiye aliyeuliza kama huyo Poseidoni anatawala maji ya chumvi tu au na ziwa letu pia. Walibishana mpaka mchana, wakakubaliana kwamba ziwa hili lazima lina mkubwa wake mwingine.

Jabiri alimuuliza siku moja kama miungu wote hao hawatamletea maneno. Mwanaupe akamwambia kwamba hata sungura wa hadithini anaongea, na hakuna aliyewahi kumsalimia. Jabiri akacheka, na kuanzia hapo akawa anauliza Kasia amefikia wapi.

Tatizo lilikuja na kitabu cha pili. Kiliishia pabaya. Medusa, yule mwanamke mwenye nyoka badala ya nywele, amemgeuza jiwe kaka yake Kasia. Kasia anaingia pangoni amefumba macho, anasikia nyoka wakipumua, na kurasa zinakwisha. Musoma nzima cha tatu hakikuwepo. Cha nne alikipata, lakini alikitupia kabatini. Kukianza, aliona, ni kushona mkono wa gauni ambalo halina bega.

Wateja walivumilia, kisha wakachoka. Nyamburi ndiye aliyesema, akimwita Mwanaupe kwa jina la mwanawe.

"Mama Samia, wewe ndiye umemwingiza yule mtoto pangoni. Mtoe."

"Siyo mimi, dada. Ni mwandishi."

"Mwandishi sisi hatumjui. Tunakujua wewe."

Basi Mwanaupe akawatangazia kwamba kuanzia hapo ni yake ya kutunga. Kasia, alisema, hakutoa silaha. Alimsogelea Medusa kwa kupapasa, akaketi nyuma yake, akaanza kumsuka. Nyoka mmoja mmoja aliwafumba midomo kwa uzi, akawalaza kwa mtindo wa twende kilioni mpaka kisogoni, akafunga kilemba juu. Medusa hakuwa ameguswa kichwa na mtu tangu enzi na enzi. Alilia. Machozi yakamdondokea yule kaka wa jiwe, jiwe likalainika, kijana akapiga chafya. Mteja mmoja aliyekuja kuchukua blauzi alifuta macho na hiyo blauzi.

Hata hivyo, yeye mwenyewe hakutulia. Alitaka kujua kweli ilikuwaje. Alisikia kuna muuza vitabu Bunda, Evance, akampelekea watu wa kuulizia, mwisho akaenda mwenyewe. Evance alisema cha tatu kilichukuliwa na dada mmoja wa mifugo huko Butiama, anaitwa Brenda, tena amechukuaga vyote. Akampigia simu hapohapo.

Brenda alimpokea Butiama akiwa na gumboti, ametoka kuchanja ng'ombe. Hawakuwa hata wamekaa wakaanza kubishana. Brenda alikuwa amezoea majina ya Kirumi yanayoingia vitabu vya mbele, akawa anamwita baba wa Kasia Vulkani, na Mwanaupe akidhani ni mtu mwingine kabisa. Walipoelewana walicheka mpaka chai ikapoa. Brenda akampa kitabu, naye akakaa palepale uani akasoma sura ya kwanza.

Kasia wa kitabuni alitazama kwenye ngao iliyong'aa, akamkata Medusa kichwa. Kaka alibaki jiwe.

Mwanaupe akamweleza Brenda ile ya kusuka, kwa aibu, kama anayeonyesha mshono uliopinda. Brenda aliacha kuvua gumboti.

"Na baadaye? Huyo Medusa mwenye kilemba alienda wapi?"

"Sijui. Nilidhani ningeikuta humu."

Jumatatu aliwasomea wanawake wa Kigera ukweli wote, hakuficha neno. Walisikiliza kwa adabu. Alipofika kwenye upanga, Nyamburi alitingisha kichwa, akasema hiyo abaki nayo mwandishi; mtu akishasukwa akapendeza hakatwi tena kichwa. Wengine wakaitikia. Mwanaupe alijaribu kumtetea mwandishi, akashindwa, na moyoni alishukuru kushindwa.

Ikabidi avuke kwenda kitabu cha nne na mtu ambaye humo hayumo. Kila Kasia anapopanda meli, Medusa naye lazima apatiwe nafasi. Kila miungu wanapoitisha kikao, lazima mtu aeleze yule mama wa kilemba ni mgeni wa nani. Jumamosi Brenda huja kutoka Butiama, hukaa karibu na jiko la Nyamburi na kipande chake cha sangara. Kati ya wasikilizaji, yeye peke yake anajua kitabu cha nne kilivyosema, lakini hufunga mdomo. Wiki iliyopita Medusa alikuwa anabishana na Poseidoni kuhusu nani amelipasua tanga, na ilionekana wazi kwamba anamshinda.